Plamu za Shamba la Kukopa

Olive alizaliwa Makobola, kando ya ziwa, ambako hakuna anayelala na blanketi mbili. Ndoa ndiyo iliyompandisha huku Rurambo kwenye ukungu wetu. Mumewe akaenda migodini akapotelea huko, na shemeji zake wakagawana mashamba kana kwamba Olive na binti yake Chance hawali. Nina maneno ya kuwaambia watu wale, ila tunasali kanisa moja.

Basi akakopa shamba kwa Mzee Gaspard. Shamba la kukopa lina adabu yake: unapanda maharagwe na viazi, unavuna, unampelekea mwenyewe kuku, mwaka unaofuata unaomba tena. Mti hupandi. Kupanda mti ni kumwambia mwenye ardhi kwamba hutoki. Jirani yetu Hyacinthe alipanda miparachichi akafukuzwa kabla haijamfika magotini.

Ndipo akaja Frédéric, agronomu, bwana shamba kutoka Uvira, na miche ya plamu, matunda ya ng'ambo. Alitaka kujua ni aina gani itakayokubali baridi ya milimani, na katika Rurambo nzima akalipenda shamba la Olive.

“Mama Chance, hapa njo kuko baridi yenye natafuta,” akasema.

Gaspard aliitwa. Akavitazama vile vijiti, akasema, “Baache bajaribu.” Hakucheka wala hakununa. Mtauliza kwa nini Olive hakumwuliza kilichokuwa moyoni mwake. Kwetu, ukimwuliza mwenye shamba habari za miti, umekwisha kuonyesha kwamba unaitamani ardhi yake. Kwa hiyo alinyamaza, akawa anaomba plamu zife zenyewe.

Maombi yalianza vizuri. Aina ya kwanza ilitaka baridi kali kuliko yetu. Ikakaa imefumba macho yake ya majani mpaka ikakauka. Ya pili ilitoa maua meupe mazuri, yakapukutika yote. Watu walicheka, na Olive akacheka nao kwa nguvu kuliko wote.

Ya tatu, baada ya miaka michache, ikazaa. Ulikuwa mti mmoja, matunda machache yaliyojificha chini ya majani, mekundu yanayoelekea weusi. Aliyachuma yote kabla mtu hajayaona, wakayala yeye na Chance wamechuchumaa katikati ya maharagwe.

“Nilikuwa naomba ikuwe chungu,” aliniambia baadaye. “Ilikuwa tamu, dada. Nilisikia uchungu sana.”

Siku ile ile alifukua udongo shinani, akalimenya ganda la mti kuuzunguka wote ili ukauke, akafukia. Chance alipaswa kula mwaka unaofuata, alisema, na plamu haijazi chungu.

Frédéric aliporudi, majani yalikuwa yamekunjamana. Alipiga magoti, akachimba, akaona ganda halipo. “Fuko amelitafuna,” akasema, akiushika ule mti. Mbele ya Olive alimwambia Gaspard kwamba jaribio limeshindwa, mlima huu tuuache. Akapakia vitu vyake kwenye pikipiki akateremka. Olive alipumua kwa mara ya kwanza tangu miche ile ipandwe.

Msimu ulipofika alimpelekea Gaspard kuku wake. Mzee hakumpokea yule kuku.

“Hapana, Mama Chance. Ile shamba nimeisha ipatia shemeji yangu, ataweka ngombe.”

“Nimekosa nini, Mzee?”

“Haukukosa. Minye nilikuwa nangoja ile miti. Nilisema, ikizaa, weye njo utaichunga, utakaa pale mpaka uzee. Sasa miti ilikufa. Nitafanya nini na viazi tu?”

Olive alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni kwangu, kuku bado yuko kwapani. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani: Gaspard aliyebana kinywa chake miaka yote ile, yule agronomu asiyejua desturi za watu, au sisi wenyewe tuliomfundisha Olive kwamba maskini mwenye akili hapandi mti wala haulizi.

“Ulimwambia kama mti ulizaa?” nikamwuliza.

“Nilimwambia asante.”