Rili ya Tano

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sinema moja ya katikati ya Nairobi, meneja alinipandisha chumba cha projekta akaniambia, "Huku juu hakuna kutazama picha. Tazama mashine." Filamu zilikuja kwa rili, kila rili kwenye kopo lake. Projekta zilikuwa mbili: moja ikionyesha, unaitilia nyingine rili inayofuata, kisha unangoja duara dogo litokee pembeni mwa picha ndipo ubadilishe. Ukichelewa, ukumbi mzima unakupigia miluzi. Nyinyi wa kubonyeza kitufe mna raha zenu.

Asubuhi moja, kabla ya maonyesho, nilijaribu filamu ya Uswidi, rili sita. Binti ameolewa bila ridhaa ya mamake. Katika rili ya tano anarudi, na mama anamfungulia mlango. Nililia peke yangu kule juu. Binti yetu Wambui alikuwa ameondoka nyumbani Kangemi vivyo hivyo, na tangu hapo mke wangu hakuniita tena Baba Wambui. Aliniita "wewe". Nikamsihi aje kuitazama mchana uleule.

Alikuja. Katikati ya filamu stima zikapotea nusu saa. Ziliporudi, meneja akapanda ngazi akihema.

"Watu ya saa kumi wamejaa nje. Ruka namba tano, malizia na sita."

"Bosi, leo hapana. Mke wangu yuko ndani."

"Kwani atajua? Ruka!"

Kuruka rili halikuwa jambo geni kwetu, nami niliogopa kibarua kuota nyasi. Nikairuka. Rili ya sita ni mazishi ya mama.

"Umeona?" mke wangu aliniambia nje. "Hata huyo mzungu alikufa bila kufungua."

Nikamweleza kuna kipande hakukiona. "Wewe nawe," akasema, "umekitunga." Mke wangu alifariki hawajaonana na Wambui.

Majuzi filamu ile ilisafishwa upya, ikaonyeshwa katika sinema moja Westlands. Wambui, anayeishi Kileleshwa, alinipeleka, akijua mamake aliwahi kuitazama. Mlango ulipofunguliwa kwenye picha, akanishika mkono.

"Mum aliona hii sehemu?"

"Hakuona. Mimi ndiye niliyeruka."

Nimestaafu miaka mingi. Ukumbi wetu umekuwa kanisa, na kibarua nilichokilinda siku ile kilienda na projekta zake. Najuta, wala sina pa kuyapeleka majuto hayo.

Taa zilipowashwa, Wambui alikuwa bado ameketi.

"Baba, nilikujanga mpaka kwa mlango yenu Kangemi," akasema. "Nikamsikia mum akiimba huko ndani, kama mtu hana shida. Nikarudi."