Hayupo Hapa, Amefukuzwa

Harufu inayonirudisha Kitengela ya utoto wangu ni ya bluu, ile poda ambayo mama zetu walitia kidogo kwenye maji ya kusuuzia ili nguo nyeupe ziwe nyeupe kweli, ikichanganyika na harufu ya pasi ya makaa. Ilikuwa miaka ya tisini, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, nami nilikuwa na miaka saba. Mama alipiga pasi shuka lake la pekee jeupe, akanipima nalo mabegani, akalishikiza kwa pini. Nilikuwa malaika. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kusimama kando ya kaburi la Yesu katika kanisa letu la mabati, kuwangoja wasichana watatu waliobeba manukato, na kuwaambia, "Hayupo hapa, amefufuka." Maneno matatu. Watoto wa rika langu walikuwa wamepewa mistari mirefu wakaimeza kama uji. Mimi maneno matatu yalinikosesha raha juma zima, na sikuweza kumweleza mtu sababu.

Sababu ilikuwa Baba. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja kule Athi River, na kwa kawaida tulimwona jua likishatua. Lakini majuma mawili kabla ya Pasaka alirudi saa tisa mchana, sare yake ya kazi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa sakafuni nikipaka viatu rangi. Nyumbani tulizungumza Kibukusu, kwa kuwa wazazi wangu walitoka Bungoma, ila siku ile Baba alilitoa neno kwa Kiswahili, labda kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. "Nimefukuzwa," alisema. Mama aliketi kitandani. Kisha akakumbuka kwamba nilikuwepo. "Nekesa," akaniambia, "hii maneno isitoke kwa hii nyumba. Umesikia? Landlord akijua, sisi tutarudi Bungoma na lori." Nilisikia. Bungoma tulikwenda Desemba kula kuku na kurudi. Shule yangu, marafiki zangu na kitanda changu vilikuwa Kitengela. Tuliishi katika ploti ya vyumba kumi vilivyotazamana, bomba moja la maji katikati, na mwenye nyumba alikaa chumba cha kwanza kando ya lango, mahali ambapo hata paka asingepita bila yeye kujua.

Basi Baba akaendelea kutoka kila asubuhi na sare yake, akimsalimia mwenye nyumba langoni kwa sauti ya mtu aliyechelewa kazini. Mama alimfungia chakula kwenye mkebe kama kawaida. Sikujua alikokuwa akienda hadi Jumatano ya juma lile takatifu, nilipotumwa kununua mafuta ya taa nikapitia nyuma ya soko. Nilimwona amekaa juu ya jiwe chini ya mgunga, mkebe magotini, akitazama mbuzi wa watu. Naye aliniona. Hakuniita, nami sikumkimbilia. Aliinua mkono kidogo, akaushusha, nikaendelea na safari yangu na chupa yangu. Nilimwonea huruma. Tena niliogopa, maana sasa nilikuwa na siri mbili, moja ya nyumba nzima na moja yangu na Baba, na mimi ni mtu ambaye hata siri ya peremende ilinishinda.

Aliyetufundisha watoto kanisani ni Mwalimu Nyokabi, mama Mkikuyu aliyeuza mayai sokoni siku nyingine za juma. Alikuwa na moyo mkubwa na subira isiyoisha, lakini herufi f haikuwahi kukaa vizuri mdomoni mwake. "Sema, amevuvuka," alinifundisha. Nami nilijaribu. Shida ni kwamba maneno yale mawili, lile la malaika na lile la Baba, huanza safari pamoja. A-me-fu, halafu njia inagawanyika, na ulimi wangu ulijua njia moja tu, ile iliyokuwa ikizunguka nyumbani mwetu kwa minong'ono. Nilijizoeza bombani nikiosha vyombo: "Hayupo hapa, amefu..." Hapo nilikatika, nikatazama mlango wa mwenye nyumba. Mwalimu alidhani nina haya. Akaniambia malaika hawana haya.

Ijumaa Kuu alitukusanya tukakaa kwenye majamvi, akatueleza taratibu jinsi Yesu alivyokufa msalabani ingawa hakuwa na kosa, na kwamba alifanya hivyo kwa kutupenda sisi, hata sisi tuliokuwa tukifinyana pale nyuma. Akasema marafiki zake walijifungia ndani ya nyumba. Nikauliza waliogopa nini. "Watu," akajibu. "Waliogopa watu watajua wao ni wake." Mpaka siku ile Pasaka kwangu ilikuwa chapati na nguo mpya. Lakini nyumba ile iliyofungwa niliijua vizuri sana, hata komeo lake nililijua. Nikauliza tena ilikuwaje kwao. Mwalimu akasema, "Yesu alivuvuka, akaenda huko huko kwenye wamejivungia. Hakugombana na wao. Aliwasalimia kwanza." Nilikwenda nyumbani nikiwaza salamu hiyo.

Usiku ule wa Jumamosi mvua ilinyesha, na matope meusi ya Kitengela hayana adabu, kwa hiyo tulifika kanisani viatu vikiwa mkononi. Kaburi lilikuwa meza iliyofunikwa kwa magunia. Jiwe lilikuwa tairi la lori, zawadi ya Mzee Lemayian, mzee wa kanisa wa Kimaasai aliyekuwa na timbo la mawe ya kujengea nje ya mji. Aliniwekea mkono kichwani kama Wamaasai wanavyowasalimu watoto. "Supa, nakerai," akasema, yaani hujambo, mtoto. Mwenye nyumba alikuwa benchi ya pili. Baba na Mama walikuwa benchi ya tatu, nyuma yake kabisa. Wasichana wakaja na chupa zao za mafuta ya nywele, tairi likavingirishwa, likaanguka kwa kishindo. Nikafungua mdomo.

"Hayupo hapa," nilisema, kwa sauti iliyonishangaza mimi mwenyewe, "amefukuzwa!"

Kanisa lilicheka hadi mabati yakaitikia. Mwenye nyumba alicheka akipangusa macho. Mimi nilijua nimetuhamisha. Niliona lori, niliona kitanda changu juu yake. Mama alikuwa ameinamisha uso. Ila Baba hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama kama siku ile chini ya mgunga, akainua mkono kidogo, na mara hii hakuushusha. "Amefufuka, mama," akaniambia kutoka benchini. "Sema tu." Nikasema. Wakapiga makofi.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, Baba alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama. "Huyu mtoto wangu hakukosea sana," alisema. "Mwenye amefukuzwa ni mimi. Kazi. Sasa ni wiki mbili, na kila asubuhi navaa uniform naenda kukaa kwa mawe. Nimechoka kuficha." Hakuna aliyecheka. Mama alisimama kando yake, akamshika kiwiko, ingawa nyumbani hakumsemesha mpaka Jumatano. Tulipotoka, Mzee Lemayian alimngoja mlangoni. "Baba Nekesa, unakaa kwa mawe bure? Kuja Jumanne ukae kwa yangu." Baba alipakia mawe miaka mingi, viganja vikapasuka na kuwa vigumu kama mawe yenyewe. Na mwenye nyumba? Kesho yake jioni alileta sukari, akanisalimu, "Malaika, hujambo?"

Kitengela ya leo ina lami na maghorofa, na kanisa letu lina vigae. Binti yangu ana miaka saba. Juma hili amepewa shuka jeupe na maneno yale matatu, na anayatamka bila kukwama, f zake zote mahali pake, kwa kuwa hana anachoficha. Mimi ndiye ninayeficha. Mwezi uliopita niliitwa ofisini nikapewa barua, na tangu siku hiyo natoka nyumbani kila asubuhi nimevaa vizuri, begi begani, naegesha gari nyuma ya soko, si mbali na pale palipokuwa na mgunga. Nyinyi mmejua kabla ya mume wangu, na hiyo si haki, najua. Jana nilipokuwa nikipiga pasi shuka lile, mtoto aliniuliza mbona nalia, nikamwambia ni mvuke.

Keshokutwa nitakaa benchi ya tatu. Atasema, "Hayupo hapa, amefufuka," na watu watapiga makofi. Halafu utafika wakati wa ushuhuda. Nimekwisha kuchagua mahali pa ukingoni, Baba, ili nisipate shida ya kusimama.