Bakuli la Koko na Goti Jipya

Koko, bibi mzaa mama, ana matege. Kuku na vifaranga wake wangepita katikati bila kusukumana. Kwetu kisiwani Nosy Be, Maulidi hayakamiliki bila wali wa nazi yake: hukaa juu ya mbuzi ya kukunia, bakuli la enameli amelibana kwa magoti. Bakuli lile alipewa akiwa bi harusi, na lilimkaa sawasawa. Kisha goti la kulia likasagika. Alikuna nazi akilia, halafu akaacha kabisa.

Tulisafiri hadi hospitali ya Mahajanga: yeye, mama mkubwa, na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kifaransa cha shule, ingawa hata mwalimu akiniita huitikia kwa kope.

Daktari alieleza kwamba goti la chuma huwekwa kwa njia mbili. Ama mguu unyooshwe kama rula, kutoka nyonga hadi kifundo. Ama ufuate ulivyopinda tangu asili, kabla goti halijaharibika. Nilimtafsiria Koko kwa lugha yetu ya nyumbani, macho yakiwa sakafuni.

Mama mkubwa akaninong'oneza niseme unyooshwe. Alishaona salova mpya ya Koko, vazi la kujifunga hadi miguuni, itakavyoanguka vizuri.

"Mmoja rula, mwingine upinde?" Koko akasema. "Si nitazunguka palepale kama mtumbwi wa kasia moja."

Alitaka mguu wake wa usichana. Daktari akauliza, nadhani kwa utani, kama tuna picha yake. Picha ya miguu! Koko, ambaye hata kifundo hakionyeshi? Akafungua kapu, tulilodhani lina mikate, akatoa bakuli. Akalibana magotini pale pale. Likapita, likaanguka, likabingirika chini ya meza ya daktari.

"Mwambie pengo limezidi," akasema. "Alirudishe lilingane na bakuli."

Nilikuwa nimeshaingia chini ya meza kulitafuta, nikatafsiri kutoka huko huko. Kifaransa kilinitoka bila kukwama, maana hakuna aliyeniona. Mama mkubwa aliporudia "unyooshwe", nikajifanya bado natafuta.

Daktari alicheka sana. Akasema mfupa wenyewe utamwonyesha mguu ulivyopinda zamani, naye ataufuata, ila atapunguza kidogo ili goti jipya lisije likalika upande mmoja. Na kiti cha mbuzi kiinuliwe, asikunje goti mno.

Miezi ikapita baada ya upasuaji. Nyumbani, Koko akaketi juu ya mbuzi, ambayo fundi alikuwa ameiongezea miguu. Bakuli likaingia nusu, likagoma. Mama mkubwa akafungua mdomo. Koko akaligeuza, upande uliobonyea lilipoanguka kwa daktari ukaelekea goti jipya. Likatulia.

"Lete nazi," akamwambia mama mkubwa.

Mama mkubwa akaenda mlangoni. Jua la uani likapenya salova yake nyepesi, na kati ya miguu yake nikaona pengo la kutosha bakuli lile lile.

Nikatazama yangu. Nilichoona sikiandiki.