Kaa wa Bahari mu Nyumba ya Kapata

Ile mwezi majirani balikuwa banauza bitanda, bwana yangu alinunua kaa. Kaa, mutu wangu! Mama mumoja wa soko alimuleta mu bidon ya maji toka bahari kwa njia ya Zambia, pamoja na samaki yake ya kukausha, na bwana yangu akatoa shati yake ya misa ili amupate. Nilipiga makofi. "Baba batoto, wazimu imekushika?" Yeye akacheka, akavaa miwani. "Mama, niletee kile kitabu."

Kitabu ilikuwa ya shefu wake wa labo, muzungu aliyekimbia wakati kazi ilianza kufa. Alituachia pia akwariumu yake ya kioo, magunia mbili ya chumvi ya kutengeneza maji ya bahari, samaki mbili ya manjano, konokono na matumbawe. Bwana yangu alikuwa anapima shaba mu labo, ile maabara ya mugodi, tangu mbele ya ndoa yetu. Sasa labo haikuwa tena na kazi, njo akabaki kupima maji ya samaki.

Mi sikuwa na roho ya kukaa. Nafagia lupango, ule uwanja wa nyumba, kiisha nafagia tena. Bwana yangu alizaliwa kule kule Katanga, lakini babu yake aliletwa na kompani ya migodi toka Kasai, na bijana balikuwa banapita mu barabara banaimba ba-Kasai baende kwao. Kwao wapi? Mi ni mutoto wa kaskazini ya Katanga. Kaka yangu mukubwa alinipa neno moja: bwana aende, mi na batoto babili tubaki kwake. Dimanshi, siku ya misa, atakuja kusikia jibu. Na mutu mwenyewe yuko anahesabu miguu ya kaa!

"Angalia ncha ya mikasi yake," aliniambia. "Kama ni nyeusi na kali, ni muuaji. Kama ni pana sawa kijiko, anakula majani ya maji tu." Lakini kaa alikuwa anajificha, mikasi haionekani vizuri. Miguu ilikuwa na nywele sawa ya kaa babaya, rangi ilikuwa sawa ya kaa bazuri. Siku tatu bwana yangu alikaa pale na lupu, ile kioo ya kukuza bitu, mu mukono, mi nazunguka nyuma yake na fagio.

Wiki ile ile nilitia malakite, ile jiwe ya kijani ya migodi ya shaba, mu akwariumu. Mu kila nyumba ya mutaa yetu ya Kapata malakite inakaa juu ya kabati, pale ku kitambaa ya kushona. Yetu kaka yangu alitupatia siku ya ndoa. Niliona bitu byote mule ni bya bageni, nikasema na siye tuweke ya kwetu. Ile kijani yake mu maji, aa, ilipendeza! Bwana yangu mwenyewe alisema imependeza. Mutu akipima shaba kila siku, mwisho haioni tena.

Konokono ya kwanza ilianguka kesho yake. Kiisha ya pili. Matumbawe yakajifunga, yakaanza kuwa meupe.

"Ni huyu kaa," nilisema. "Tangu aliingia, bitu binakufa. Unataka shahidi gani?"

"Ngoja, mama. Sijamujua bado. Haraka haraka..."

"Baraka ikae! Mi nimemujua!"

Alipoenda ku gare kuangalia kama dada yake alipata nafasi mu treni, nilikamata mwiko, nikamutoa kaa na kumutupa mu lupango, mu jua kali. Alitembea upande upande mpaka karibu na mulango, kiisha akasimama, akakufa. Bwana yangu alirudi, akamuokota, akamugeuza. Sasa mikasi ilionekana wazi: pana, sawa kijiko. "Alikuwa wa majani tu," alisema. Haya ilinishika mpaka ku masikio, na bado nikamujibu kwa ukali, "Basi, ni kaa tu!"

Kesho yake konokono ya mwisho ilikufa, na kaa hayuko. Bwana yangu akachota maji, akayachemsha ku moto ya makala mpaka yakabaki kidogo, akatia matone ya amoniaki toka kichupa yake ya labo. Maji yakageuka buluu.

"Shaba," alisema. Siye babili tukaangalia malakite. "Shaba kidogo tu inaua konokono na kaa. Samaki inavumilia. Kosa ni yangu, mama, mi njo mutu wa labo."

Aliingiza mukono, akaitoa malakite, akaipanguza na kuirudisha ku kitambaa yake juu ya kabati. Heri angenitukana.

Dimanshi kaka yangu alifika. Bwana yangu alikuwa mu chumba ya pili anafunga mizigo. Kaka hakutaka hata maji ya kunywa. "Bale batu," aliniambia, "tangu baliingia, kazi imekufa. Unataka shahidi gani?"

Mi mutu wa mudomo, mi mwenye kujibu mbele ya kuulizwa, nilichelewa muda wa kumenya muhogo mumoja. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, mu kinywa ya kaka yangu. Mu chumba ya pili kamba na masanduku byote bilinyamaza. Kiisha nikasema, "Naenda na bwana yangu." Kaka akaanza kulia, na mi nikalia naye, juu tulijua hatutaonana tena mapema.

Tulilala ku gare siku nyingi na batoto, kiisha tukapanda treni pamoja, mpaka mu inchi ya babu yake, kule yeye mwenyewe hakuwa anajua hata njia moja. Tumezeeka huku. Ni bwana muzuri, ananiita mama mbele ya batu, ananingoja tukule pamoja. Hajaniuliza hata siku moja kwa nini nilichelewa kujibu.