Pacha Asiyeliliwa

Mdogo wangu alizaa mapacha wa kike, na kwetu Usukumani mapacha huja na majina yao tayari, baba hana haja ya kukuna kichwa. Majina hayo kila mtu anayajua, kwa hiyo sitayaandika. Nitasema tu wa kwanza na wa pili. Wa kwanza alikuwa na maneno mengi, angeweza kugombana na kuku. Wa pili alikuwa mtulivu, na ukimwuliza jambo alimtazama mwenzake kwanza, huyo mwingine akajibu kwa niaba ya wote wawili.

Wa kwanza alikufa kwa homa kabla hawajaanza shule. Tulimwahisha hospitali, akalazwa, na asubuhi moja akatutoka wakati mama yake ametoka kutafuta uji. Sitaongeza neno hapo. Waliotaka kujua zaidi walikwisha kujitungia yao.

Msiba ulikuwa Kiseke, nyumbani kwao. Turubai likafungwa, majirani wakajaa, sufuria kubwa zikaazimwa. Shemeji yangu ni mtu wa Bukoba, Mlutheri, mwalimu wa sekondari, na alilia mbele za watu bila kujificha. Nami nililia hadi sauti ikakauka. Ndipo akafika bibi yetu kutoka Magu, akiwa bado na vumbi la safari miguuni, akasimama mlangoni na kuuliza nani anapiga makelele humu.

"Pacha haliliwi," alisema. "Mkimlilia huyu aliyetangulia, atageuka nyuma, atamwona mwenzake, atamvuta. Wengine mtajua wenyewe. Lakini mama mtu asitoe chozi hata moja mpaka huyu aliyebaki akue."

Shemeji alisimama kwa heshima. "Shikamoo, bibi. Kwetu sisi mtoto analiliwa."

"Marahaba, mkwe wangu. Wewe lia tu. Huyu ni wa kwetu."

Mimi nasali kila Jumapili, na watu wameniuliza mara nyingi kama naamini maneno yale. Nawajibu kwamba mimi sikuwa na mtoto mmoja kaburini na mwingine mapajani. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa nao. Alimtazama bibi, akamtazama yule wa pili, akajifuta uso kwa khanga na kukaa wima kwenye mkeka. Nilimwona akiyameza machozi yake.

Kisha wanawake wa makamo wakaanza nyimbo za mapacha, zilezile walizoimba siku walipozaliwa. Asiyezijua anaweza kushangaa. Zina utani mzito, zinawataja baba na mama na vitu vyao vya chumbani, na hata wazee wenye mikongojo hawajizuii kucheka. Pacha huletwa kwa nyimbo hizo na husindikizwa kwa nyimbo hizo. Mdogo wangu aliimba akiwa amempakata wa pili, na kila mtoto alipoinua macho kumtazama, mama alitabasamu. Ukafika ubeti mmoja mbaya kuliko yote, mtoto akacheka kwa sababu watu wazima wanacheka, na mama yake akarudisha kichwa nyuma akacheka naye.

Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya khanga, umeubana wangu, na kucha zake ziliniachia alama ambazo niliziona hata tulipokwisha kuanua turubai. Mkono ule haumo kwenye video iliyosambaa baadaye.

Aliyerekodi hakuwa adui. Ni jirani aliyekuwa ameshinda nasi tangu alfajiri akichambua mchele. Aliiweka kwenye status yake na kuandika kwamba ameshindwa kuelewa, basi. Hakuuliza. Angenigeukia tu mimi niliyekuwa karibu naye ningemweleza kwa maneno mawili, lakini aliwauliza watu wote wa kwenye simu yake, ambao hawakuwepo. Kutoka hapo ikachukuliwa na ukurasa mmoja wa umbea wenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa kata yetu, na juu yake yakaandikwa maneno kwa herufi kubwa: MAMA ACHEKA MSIBANI KWA MWANAE, MWANZA KUNA NINI?

Watu wakajibu kuna nini. Wakasema kafara. Wakataka ushahidi, na ushahidi ukapatikana haraka, maana mdogo wangu alikuwa na kibanda cha chakula Pasiansi, supu ya sato asubuhi na ugali mchana, na miezi michache kabla ya msiba alikuwa amenunua friji la mtumba ili samaki wasiharibike. Mteja mmoja akalipiga picha. Friji lenyewe lilikuwa limebonyea ubavuni na mlango unafungwa kwa mpira wa baiskeli, lakini mtandaoni likawa utajiri. Mtu wa Dar, mtu wa Mbeya, mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa letu, wote wakawa wanajua kilichomo ndani ya friji la mdogo wangu. "Fungueni hilo friji," waliandika. "Polisi mnangoja nini?"

Nilisoma maoni yale hadi bando likaisha, nikanunua lingine nikaendelea kusoma. Nilijibu mengi. Nilieleza habari za mapacha, nikaambiwa mimi ni mwenzake kwenye chama. Nilitukana pia, sikatai, na wala sijutii.

Walikuja kibandani mchana, wakati wa ugali. Vijana, na wachache wenye umri wa kutosha kuwa na wajukuu, simu zimeinuliwa juu. Wateja walinyanyuka na kuacha sahani. Mdogo wangu alikuwa na mwiko mkononi, na wa pili alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akila kichwa cha samaki. Mmoja wao akamwamuru afungue friji.

"Lifungue wewe," alimjibu. "Angalia tu usiukate mpira, sina mwingine."

Akafungua. Kulikuwa na sato, nyanya, chupa za maji na nusu ya tikitimaji. Walirekodi tikitimaji. Nilidhani mambo yataishia hapo, kwa kuwa nilikuwa bado nadhani watu wale walikuwa wanatafuta ukweli. Mmoja akasema keshakihamisha. Mwingine akampiga teke yule mtoto, sijui kwa makusudi au katika kusukumana, ndoo ikaanguka naye akaanguka. Mdogo wangu akapaza sauti kwa ukali, "Mwanangu!" Hilo nalo limerekodiwa, lakini hakuna aliyelisambaza.

Mwenyekiti wa mtaa alifika, akawatawanya kwa busara yake, kisha akamwomba mdogo wangu afunge kibanda kwa muda kwa ajili ya usalama wake. Ule muda haujaisha mpaka leo.

Baadaye kidogo akaja binti mmoja mwenye maikrofoni ya tivii ya mtandaoni. Alikuwa na adabu, alitusalimia wote shikamoo, akavua viatu mlangoni. Alisema watu wanaweza kubadilika wakimsikia mama mwenyewe. Akatega kamera, akamweka mdogo wangu karibu na dirisha kwenye mwanga, akamwelekeza.

"Mama, ongea taratibu. Na ukifika pale kwa mtoto, jiachie tu. Ukilia, hata kidogo, hii habari inageuka leo leo. Watu wanataka kuona uchungu."

Mdogo wangu akamtazama mtoto. Wa pili alikuwa sakafuni, anazivalisha chupa za plastiki vitambaa nilivyomletea kutoka kwenye cherehani yangu. Chupa zilikuwa mbili.

Shemeji akapiga magoti mbele ya mkewe. Sijawahi kumwona mwanamume wa Kihaya akipiga magoti nje ya kanisa. "Mke wangu, lia," alisema. "Kazini wananitazama vibaya. Mama yangu kule Bukoba amefungiwa milango na majirani. Mungu hawezi kumchukua huyu kwa sababu ya machozi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Ulisema una hakika na yule pia. Ulisema ni homa tu."

Shemeji aliinuka akatoka nje. Hakuwa amekosea kumwambia vile kuhusu homa. Kila baba angesema hivyo. Binti wa tivii alingoja kidogo, akakunja kamera yake, akavaa viatu. Watu waliandika kwamba mama amekataa kuhojiwa, na hiyo ikawa hukumu.

Walihamia Igoma, nyuma ya fremu ya duka ninayoshonea. Shemeji aliomba uhamisho wa shule, akaupata. Mdogo wangu sasa hukaanga samaki hapo uani na mimi nampelekea wateja, na anafunga kitambaa hadi karibu na macho kila anapotoka barabarani. Friji aliliacha Pasiansi. Ukurasa ule wa umbea umekwisha kusahau, una watu wengine sasa wa kushughulikia, lakini video haijafa. Kila baada ya muda mtu huifukua na kuirusha tena kana kwamba tumefiwa jana.

Wa pili alianza darasa la kwanza. Ana pengo mbele na amekuwa na maneno, mengi kupita kiasi, kama vile amerithi na yale ya mwenzake. Mwaka huu alirudi siku moja kutoka shule akiwa kimya. Sisi tulikuwa uani, mdogo wangu anaparua magamba ya sato, mimi nachomoa uzi kwenye sketi ya mteja. Mtoto akaweka mfuko wa madaftari chini.

"Mama, dada wa rafiki yangu ametuonyesha kwenye simu. Ulikuwa unacheka."

Kisu kikasimama.

"Mimi pia nilikuwa nacheka," mtoto akasema. "Mwenzangu amekufa na sisi tunacheka."

Mama yake akamweleza. Hakumficha. Alimwambia maneno ya bibi kama bibi alivyoyasema, kwamba asitoe chozi mpaka aliyebaki akue. Mtoto alisikiliza, ulimi ukicheza kwenye pengo. Nilitamani kumzuia mdogo wangu asimtwike mtoto mzigo ule, lakini ulimwengu ulikuwa umemtwika kabla yetu.

"Mimi nimekua," wa pili akasema hatimaye. Akasogea, akamshika mama yake mkono wa kushoto, na magamba yake yote. "Mlilie tu, mama. Mimi siendi."

Mdogo wangu alianza kwa sauti ndogo, kisha ikawa kubwa, sauti ya mtu aliyetoka hospitali asubuhi hiyohiyo. Mtoto hakumwachia. Nikaweka sketi chini, nikainuka, nikaenda kufunga mlango wa uani, kwa sababu majirani walikuwa wameanza kusogea na mmoja wao alikuwa ameshika simu.