Mkalimani aliyeruka mahubiri yaliyomhusu

Saa kumi na mbili asubuhi, Nkuba Ngolo anafunga nira kwenye shingo za maksai wake wawili katika kitongoji kimoja cha bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Anawapigia mluzi, anashika plau, anaingia matopeni. Ekari moja humwingizia shilingi elfu themanini, na Desemba hii kazi haijakatika.

Siku sita ni za plau. Jumapili huvaa shati jeupe na kusimama kando ya Mchungaji Sedekia, akiwatafsiria kwa Kisukuma wazee, wengi wao akina bibi, waliohamia huku na mifugo yao kutoka Shinyanga, ambao Kiswahili kinawapiga chenga.

"Nimetafsiri miaka sita," anasema baba huyo wa watoto wanne, bila kuinua macho. "Watu wakawa wanakuja nyumbani niwaombee. Nikajiona nimekua kiroho. Kumbe kilichokua ni sauti."

Mei mwaka huu maksai hao walikata kamba, wakaingia kwenye majaruba ya jirani yake Damari, mjane wa Kisangu anayesali naye kanisa moja. Walikula mpunga uliokaribia kuvunwa. Nkuba aliwatoa alfajiri, kisha akaburuta tawi la mgunga juu ya nyayo zao mpaka zikafutika.

Damari alipolia, lawama zikaenda kwa wafugaji wapita njia. Nkuba alikwenda kumpa pole. Akamwombea pia, tena kwa sauti kubwa.

"Nikikumbuka hiyo sala, natamani ardhi inimeze," anasema.

Jumapili iliyofuata, Mchungaji Sedekia alihubiri sheria ya Musa: ambaye mifugo yake imekula shamba la mwenzake, alipe, na alipe kwa mazao yake yaliyo bora. Kisha akamsubiri mkalimani.

"Nikawaambia wale bibi zetu kwamba Mungu anawapenda wafugaji, atawabariki kwa malisho."

Bibi wakaitika amina na vigelegele juu. Damari, aliyekaa benchi la pili na asiyejua Kisukuma, alidhani wanamuunga mkono. Akageuka, akawapungia, huku akifuta machozi.

Baada ya ibada, fundi cherehani Mbuke, anayezijua lugha zote mbili, alimfuata nje.

"Kaka Nkuba, mchungaji hakusema hivyo."

Hakumwambia mtu mwingine. Nkuba anasema afadhali angemtangaza.

Msimu huu amemlimia Damari shamba lake bure, akisema ni sadaka. Mama huyo alimshukuru mbele ya watu. "Akanipikia na kande, aisee."

Juzi, baada ya miezi saba ya kukwepa macho ya Mbuke, alimweleza mchungaji kila kitu. Ametenga magunia manane ya mpunga aliyokuwa ameyaweka akisubiri bei ipande, lakini hataki yafike kwa Damari kabla yeye mwenyewe hajasema.

Jumapili hii ataungama kwa Kisukuma, ili wale bibi wawe wa kwanza kusikia, maana ndio aliowadanganya. Ili Damari naye aelewe, amemwomba Mbuke asimame kando yake na kutafsiri kwa Kiswahili.

"Kiswahili nakijua," anasema, akigeuza plau mwisho wa jaruba. "Ila nikijitafsiri mwenyewe, nitaruka tena."