Kompyuta ya Thelathini na Mbili

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Masika Kavugho anapiga deki kwenye korido ya ghorofa ya tatu ya chuo kimoja cha kompyuta, mitaa michache kutoka Joubert Park, Johannesburg. Anarudi kinyumenyume, dekio mbele, ndoo nyuma. Mikono iko kazini, lakini macho yako kwingine. Yanatazama kupitia kioo cha mlango, ndani ya maabara, kwenye kisanduku cha kugawia mtandao kilichopigiliwa ukutani. Taa zake za kijani zinawaka na kuzima.

Anasimama. Anaegemea mpini.

"Tayari imeanza," anasema polepole. "Leo watamaliza jioni."

Ndani ya maabara kuna vijana wawili wa kampuni ya nje. Wamekuja kufuta kompyuta zote za chuo na kuziwekea nakala moja mpya ya programu zote, ili muhula ukianza Jumatatu kila mwanafunzi akute mashine inayofanana na ya jirani yake. Hapa chuoni kazi hiyo wanaiita kumwaga. Hadi Januari ya mwaka huu wa 2004, aliyekuwa akimwaga ni Masika.

Ana umri wa miaka ishirini na minane. Alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, akasoma hadi darasa la sita la sekondari, na vita vikamtoa shuleni kabla ya kupata cheti. Aliingia Johannesburg mwaka 1999. Anaishi kwenye fleti ya vyumba viwili pamoja na familia nyingine mbili. Sehemu yake ni kitanda, pazia na dirisha nusu, kwa randi mia nne na hamsini kwa mwezi.

Chuo kilimwajiri afanye usafi kwa randi elfu moja na mia moja. Alikuwa akifuta vumbi kwenye kompyuta, na katika kufuta akawa anatazama. Fundi wa mtandao wakati huo alikuwa Mtanzania, Filbert, mtu wa maneno mengi.

"Nilimwona kila siku amesimama nyuma yangu na kitambaa," Filbert anakumbuka kwa simu kutoka Pretoria, alikohamishiwa tawi jingine. "Siku moja nikamuuliza, dada, unafuta mgongo wangu au unajifunza? Akaniambia, yote mawili."

Filbert akamwonyesha namna ya kuwasha mashine kwa flopi na kuita nakala kutoka kwenye seva. Mwaka uliofuata wanafunzi wakawa thelathini na wawili na kompyuta thelathini na moja. Mwanafunzi mmoja alikuwa akikaa pembeni na daftari, akiwachungulia wenzake. Masika akaingia stoo iliyo chini ya ngazi, kunakotupwa vyuma vibovu. Kwa wiki tatu, saa zake za chakula cha mchana, akatoa ganda huku, kumbukumbu kule, kadi ya mtandao kwenye mashine ya tatu iliyokwisha kuota kutu. Ikawaka.

Alibandika namba kwa mkono wake: 32.

Mkurugenzi alimsifu mbele ya walimu. Mwezi huohuo akamtoa kwenye deki, akamfanya msaidizi wa maabara kwa randi elfu moja na mia tisa. Masika alipigwa picha akiwa amesimama kando ya ile kompyuta, akaituma kwa mama yake Butembo.

"Mama hakuelewa ni nini," anasema, akicheka kidogo. "Aliuliza kama ni televisheni, na kama ni televisheni, mbona sijakaa."

Shida ilianza pale ilipotakiwa kumwaga zote kwa pamoja. Kompyuta moja ilichukua dakika kumi na moja. Kumi ziliwahi kumalizika katika muda wa robo saa. Lakini zikiwashwa thelathini na mbili, kazi ilijikokota kwa muda wa saa nne, hata tano, na mtandao wa jengo zima ukalala. Ofisi ya uhasibu haikufungua faili. Nomsa wa mapokezi alikuwa akipandisha sauti hadi ghorofa ya tatu: "Eish, Masika! Umezifanya nini tena? Huku hata barua moja haitoki!"

Mara ya kwanza walilaumu umeme. Mara ya pili walilaumu joto. Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi ya Januari, siku ya kuandikisha wanafunzi wapya, na mwalimu mmoja alikuwa ameomba maabara isafishwe upesi kwa darasa la mchana. Masika akaanza kumwaga. Mashine ya usajili ikaganda. Foleni ya wazazi ikashuka ngazi zote tatu hadi nje, karibu na robot, taa za magari za kona, juani. Wengine walikunja karatasi zao wakaenda chuo cha jirani.

Mkurugenzi akamwita. Alimpa hadi Jumatatu alete sababu, la sivyo kazi hiyo ingepewa watu wenye vyeti.

Jumamosi ile ya Januari Masika aliingia maabara peke yake. Akawa anachomoa waya wa kompyuta moja, anaanzisha kazi, anatazama taa, anarudisha waya, anaenda kwa inayofuata. Ya kwanza, ya pili, ya tisa. Alianzia mlangoni akielekea ukutani, na ile aliyoiunda mwenyewe aliiacha ya mwisho.

"Nani anaanza kumshuku mtoto wake?" anauliza.

Alipoichomoa ya thelathini na mbili, zile nyingine thelathini na moja zilimaliza kwa dakika ishirini na nne.

Anaieleza kwa mfano wa imla darasani. Seva ni mwalimu. Haiendi meza kwa meza. Inasoma mara moja, wote wanaandika. Sasa mwanafunzi mmoja akiinua mkono, aseme 'mwalimu, sijashika, rudia', mwalimu anarudia na darasa zima linakaa kalamu mkononi. Kadi ile ya kutu ilikuwa ya kasi ya kumi, wenzake wote wana kasi ya mia. Na visanduku vya kugawia mtandao vya jengo ni vya zamani, havichagui wa kumpelekea. Sauti ya mwalimu ilifika hadi kwa Nomsa na wahasibu, ikirudiwa na kurudiwa.

"Na mwenye kuinua mkono ni mimi niliyemweka pale."

Jumatatu asubuhi, kabla hajaingia kwa mkurugenzi, Filbert alimshika mkono kwenye ngazi. "Dada, nisikilize. Sema ni nyaya. Hapa kila kitu ni nyaya. Ile kadi nitaibadilisha mimi kimyakimya, randi themanini na tano tu, sharp, imekwisha."

"Na wazazi walioondoka?" Masika akamjibu. "Bon, nitasema ni nyaya, halafu wafundi wa nyaya walaumiwe?"

Akaingia, akasema ni ya thelathini na mbili. Mkurugenzi akauliza nani aliitengeneza.

"Ni mimi."

Hakuulizwa la pili. Juma lile kazi ya kumwaga ikapewa kampuni ya nje, Masika akarudishiwa ndoo na mshahara wake wa zamani. Filbert akahamishwa mwezi uliofuata. Kompyuta ya thelathini na mbili ilibaki mahali pake: wakaguzi wa vyuo huhesabu viti vyenye kompyuta, na mkurugenzi alitaka mtu mwenye cheti athibitishe kwanza kwamba ndiyo yenye kasoro.

Sasa mwenye cheti amefika. Ni mmoja wa wale vijana wawili, Deo, Mrundi mwenye haraka. Saa nne Masika anaacha dekio, anagonga kioo.

"Kaka, samahani. Ile ya pembeni, ya mwisho, uitoe. Iko na kadi ya zamani. Inangojesha zingine zote."

Deo anatazama karatasi yake. "Mama Usafi, hapa imeandikwa thelathini na mbili. Nikimwaga thelathini na moja nitalipwa?"

"Umwage yenyewe baadaye, peke yake."

"Na wewe umejuaje?"

"Ni mimi njo niliitengeneza."

Mwenzake Deo anacheka hadi anashika meza. "Basi tutengenezee na chai, fundi!"

Masika anarudi kwenye ndoo yake. Saa saba mchana Deo yuko kwenye simu na mkurugenzi, anasema jengo hili nyaya zake zimechoka, lazima zing'olewe zote. Anaahidi kuleta karatasi ya bei.

"Wazing'oe," anasema Masika, akikamua dekio. "Ile yenyewe ikiwa bado ndani, itakuwa vilevile."

Alishawahi kuuliza kuhusu masomo. Wafanyakazi wa chuo husoma kwa nusu ada, lakini fomu inataka cheti cha sekondari. Aliirudisha fomu kabla Nomsa hajamaliza hata kumtafutia kalamu.

Kilichobaki ni barua moja fupi aliyoiandika Februari. Anaomba kwamba siku chuo kitakapoichoka ile kompyuta, isipelekwe kwa wanunua vyuma, apewe yeye. Alijibiwa kwamba itaangaliwa. Amekwisha kupima nafasi: ukisogeza kitanda, kati ya pazia na dirisha inaingia meza ndogo.

"Pale itakuwa peke yake," anasema. "Haitakuwa na mtu wa kumchelewesha."